Anime tawi ya shule: maana yake, na kwa nini Nagato Yuki anawagusa mashabiki

Anime tawi ni hadithi inayochipuka kutoka kwenye anime (katuni za Kijapani za kutazamwa) au manga (katuni za Kijapani za kusomwa) ambayo watu wameshaijua. Inachukua wahusika walewale, mara nyingi na waigizaji wa sauti walewale, na kuwaweka katika maisha mengine. Si msimu mpya wala mwendelezo, kwa maana yanayotokea humo hayabadilishi chochote katika hadithi mama. Aina yake inayopendwa sana ni vichekesho vya shule: mashujaa waliozoea vita wanavalishwa sare, wanapewa mitihani na klabu za baada ya masomo, na shida zao zinakuwa za kawaida kabisa.

Mfano ulio rahisi kuuona ni Attack on Titan: Junior High, iliyorushwa mwishoni mwa 2015. Katika hadithi mama ya Hajime Isayama, Eren Yeager anayachukia majitu kwa sababu jitu moja lilimla mama yake huku yeye akitazama. Katika tawi, anayachukia kwa sababu yalimlia chakula chake cha mchana. Asiyeijua hadithi mama ataona kijana mlafi anayepiga kelele. Shabiki anacheka, lakini hawezi kumsahau yule mama. Kichekesho kinasimama juu ya kumbukumbu ambayo mtazamaji amekuja nayo mwenyewe, na ukiiondoa kumbukumbu hiyo, kinachobaki ni kidogo sana.

Hata hivyo, anime iliyolifanya jambo hili kwa moyo zaidi, kwa maoni yangu, ni The Disappearance of Nagato Yuki-chan, nayo pia ya 2015. Uzito wake hauonekani bila kurudi kwenye chanzo.

Riwaya za Nagaru Tanigawa kuhusu Haruhi Suzumiya zilianza kutoka mwaka 2003, na studio ya Kyoto Animation ikazifanya anime mwaka 2006. Haruhi ni mwanafunzi wa sekondari mwenye uwezo wa kuuumba ulimwengu upya bila yeye kujua. Msimulizi wetu ni Kyon, mwanafunzi mwenzake anayeburutwa kwenye kila wazo lake. Kwenye kona ya chumba cha klabu ameketi Nagato Yuki, binti asiyesema, macho kwenye kitabu. Huyu si binadamu. Ametengenezwa na akili kuu ya angani ili amchunguze Haruhi na kutoa taarifa. Mwaka 2009 hadithi ilimpa mzigo mzito kuliko wote: wiki mbili za mwisho za likizo ya kiangazi zilijirudia mara 15,532. Wenzake walisahau kila zilipoanza upya, yeye akakumbuka zote. Studio ilirusha sehemu nane zinazofanana karibu neno kwa neno, na mashabiki wengi wakakasirika. Lakini waliovumilia mpaka mwisho walionjeshwa kidogo yale aliyoyapitia Nagato, na hawakuweza tena kumtazama kama pambo la pembeni.

Filamu ya 2010, The Disappearance of Haruhi Suzumiya, iliyotokana na riwaya ya 2004, ikamalizia. Asubuhi ya tarehe 18 Desemba Kyon anakuta ulimwengu umebadilishwa. Haruhi yuko shule nyingine, na Nagato ni msichana wa kawaida mwenye miwani na haya nyingi, peke yake katika klabu ya fasihi. Anamshika Kyon mkono wa koti na kumpa fomu ya kujiunga na klabu. Mwishowe Kyon anagundua kwamba Nagato mwenyewe ndiye aliyeugeuza ulimwengu, maana alikuwa amechoka. Kabla ya hapo alikuwa amemrudishia binti ile fomu na kubonyeza kitufe cha kompyuta kilichoanzisha safari ya kuurejesha ulimwengu wa zamani. Nagato mwenye miwani anafutika.

Tawi linaanzia kwenye jeraha hilo. Mchoraji wa manga Puyo, ambaye tayari alikuwa akichora vichekesho vifupi vya Haruhi, alianza mwaka 2009 kuchora katika jarida la Young Ace hadithi ambamo msichana yule mwenye haya anaachwa aishi. Studio ya Satelight ikaifanya anime ya sehemu 16, kuanzia Aprili hadi Julai 2015. Hakuna wageni kutoka angani, hakuna kusafiri katika wakati. Kuna klabu ya fasihi inayotaka kufungwa kwa kukosa wanachama, sherehe ya Krismasi, chokoleti za Siku ya Wapendanao, na Nagato anayependa michezo ya video na kushindwa kumwambia Kyon lililo moyoni.

Mtazame Asakura Ryoko, msichana wa darasa la Kyon, uone jinsi tawi linavyofanya kazi. Katika hadithi mama anatabasamu vizuri, kisha anachomoa kisu kumuua Kyon. Katika filamu anamchoma kweli. Katika tawi anaishi jirani na Nagato, anamwamsha aende shule, anamgombeza kama mama, na kumpikia oden, ule mchuzi wa Kijapani wa figili, mayai na vipande vya samaki. Hafanyi lolote la kutisha. Lakini shabiki akimwona ameshika kisu cha jikoni anashtuka, kisha anacheka kwa faraja. Ni furaha ya kumwona mtu uliyemwogopa akipewa nafasi ya kuwa mwema, na sijui hadithi ya aina nyingine inayoweza kuitoa kwa wepesi hivyo.

Watu husema anime hizi zinapendwa kwa sababu zinawakumbusha ujana wao shuleni. Kwa Wajapani hilo lina ukweli, maana klabu na tamasha la utamaduni ni sehemu kubwa ya miaka yao mitatu ya sekondari ya juu. Ila mtazamaji wa Mwanza au Mombasa hajawahi kuupanda mlima wa shule kule Nishinomiya, mji ambao mitaa yake ilichorwa katika anime hii, na bado anapata hamu hiyohiyo. Anachokitamani ni wale wahusika. Miaka mitano ilikuwa imepita tangu filamu bila msimu mpya, na ghafla sauti za Minori Chihara, Aya Hirano na Tomokazu Sugita, waigizaji wa sauti wa Nagato, Haruhi na Kyon, zikasikika tena pamoja. Kwa wengi hilo pekee lilitosha.

Wapo ambao halikuwatosha, na wana hoja. Michoro haina ule umakini wa Kyoto Animation, na mwendo wa sehemu za mwanzo ni wa polepole mno. Kuna nyakati soni ya Nagato inarudiwa mpaka inachosha. Ningepunguza sehemu tatu za kwanza bila kusita.

Kinachoiokoa ni sehemu ya 10 na zinazofuata. Nagato ananusurika kugongwa na gari, anaanguka na kugonga kichwa. Anapoamka amekuwa mtulivu, mkavu, mpenzi wa vitabu: ni kama Nagato wa hadithi mama ameingia katika ulimwengu usio wake. Ana kumbukumbu za yule mwingine lakini anahisi si zake. Anajua kwamba atatoweka. Hatimaye anamwambia Kyon kwamba anampenda, kisha anatoweka. Jina la anime, linalozungumzia kutoweka, linakuwa la kweli upya, na safari hii anayepotea ni yule aliyebaki katika filamu. Puyo hakuwa anacheza tu na wahusika wa mtu mwingine. Alikuwa anawalipia deni wote wawili.

Anayetaka kuitazama aanze na msimu wa 2006, aingie wa 2009 pamoja na zile sehemu nane zote bila kuruka, kisha filamu, ndipo afike hapa. Akianza na tawi, sufuria ya oden mezani kwa Asakura itakuwa chakula cha jioni tu.