Kukuza herufi si dawa

"Jina halisomeki, likuze." Nahariri video, na wiki hii nimeambiwa hivyo mara tatu kuhusu jina la mzungumzaji linaloandikwa kwenye skrini; mteja wa tatu aling'ang'ania hadi jina likamgusa mzungumzaji kidevu. Bado halikusomeka.

Mzungumzaji huyo, mama mmoja, alivaa shati jeupe, na jina lake niliagizwa niliandike kwa herufi nyeupe. Kila aliponyanyua mkono kufafanua jambo, mkono wa shati ulipita nyuma ya jina, herufi tatu za katikati zikamezwa. Hata ukizikuza zijaze skrini, nyeupe juu ya nyeupe haionekani! Nikarudisha ukubwa wa mwanzo, nikatandika utepe mweusi unaopitisha picha kidogo, na jina likasomeka hata kwenye simu.

Kinachosomesha herufi ni tofauti ya mwangaza, na hapo ndipo rangi huwahadaa watu. Nyekundu juu ya buluu inavutia macho, lakini hebu iondolee picha rangi zote: mara nyingi maandishi yanazama kabisa. Tena video nyingi za mtandaoni hubanwa ili faili liwe dogo, kwa mfumo wa 4:2:0, ambapo kila pikseli (nukta ndogo ya picha) hubaki na mwangaza wake ila pikseli 4 hugawana rangi moja. Ndiyo maana kingo za herufi nyekundu huchuja kama nguo mpya iliyolowekwa. Wakati wa kuhariri huoni, maana unaitazama kabla haijabanwa.

Pembeni mwa picha acha asilimia 5 bila maandishi kila upande: kwa fremu ya 1920 kwa 1080 ni pikseli 96 kushoto na kulia, 54 juu na chini. Video ya wima iachie nafasi zaidi chini, vitufe vya programu hukaa hapo.

Muda ndio unaonisumbua. Tumefundishwa kuacha maandishi hadi uyasome mara mbili kwa sauti. Kanuni hiyo naitumia, lakini siiamini sana, kwa sababu inamchukulia mtazamaji kama msomaji tu ilhali masikio yake yana kazi nyingine. Mtu akisema jambo zito huku skrini inaonyesha sentensi tofauti, kimojawapo kitampita, na kuongeza sekunde hakusaidii. Siku hizi nasubiri mzungumzaji avute pumzi ndipo niingize jina. Cheo cha mistari miwili nakikata kabla hata sijachagua fonti. Mteja akikitaka kizima, nakiweka kwenye maelezo chini ya video.