Tyubu ya gramu 15 inatosha ngozi kiasi gani?

Tangu kiangazi na vumbi lake vianze, wanaofika dirishani kuchukua dawa hapa Dodoma wanaleta lalamiko lilelile: "Krimu mliyonipa haifanyi kazi." Mara nyingi dawa ilikuwa sahihi. Kilichokosewa ni kipimo, na dawa ya kupaka ina kipimo kama vidonge vilivyo nacho.

Kamua dawa juu ya kidole cha shahada cha mtu mzima, kuanzia nchani hadi mstari wa pingili ya kwanza. Kwa tyubu yenye mdomo wa milimita 5, hicho ni kipimo kimoja, takribani nusu gramu, na kinatosha ngozi yenye ukubwa wa viganja viwili vya mtu mzima, vidole vikiwamo. Uso na shingo ni vipimo viwili na nusu. Mkono mmoja bila kiganja ni vitatu, mguu mmoja bila unyayo ni sita, mgongo pamoja na makalio ni saba.

Sasa piga hesabu. Ukurutu ulioenea mguu mzima bila unyayo, ukipakwa mara mbili kwa siku, unakula gramu 6. Tyubu ya gramu 15 inaisha siku ya tatu. Anayeifikisha mwisho wa mwezi hajaitunza dawa, hajatibiwa. Tunajua tyubu ni fedha. Basi mwonyeshe daktari eneo lote lililoathirika, hata lililofichwa na nguo, ili aandike idadi inayotosha. Kuichanganya kiganjani na mafuta ya alizeti au ya mgando ili iwe nyingi kunaipunguza nguvu tu. Paka dawa, subiri nusu saa, ndipo upake mafuta.

Kwa fangasi wa mwilini, clotrimazole ya asilimia 1 hupakwa mara mbili kwa siku kwenye ngozi iliyooshwa na kukaushwa kabisa, hasa katikati ya vidole vya miguu. Vuka ukingo wa doa kwa sentimita 2, kwa sababu fangasi yupo hata pale usipomwona. Doa likishapotea, endelea wiki mbili zaidi. Muwasho kuisha si kupona, na hili tumelirudia mno. Mapunye ya kichwani ni jambo jingine: krimu haifiki kwenye shina la unywele, mtoto anahitaji dawa ya kumeza, kwa hiyo mpelekeni kituoni.

Kinachotusumbua zaidi ni krimu za mchanganyiko, zenye dawa zaidi ya moja ndani ya tyubu moja. Soma tyubu: ukiona betamethasone au clobetasol, hiyo ni steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho, isiyoua fangasi. Ikipakwa kwenye fangasi, muwasho hutulia ndani ya siku chache, doa hupoteza umbo lake la duara, na fangasi huendelea kusambaa chini ya utulivu huo. Ikipakwa usoni kwa miezi ili kung'arisha ngozi, huifanya nyembamba, huleta chunusi na vishipa vyekundu. Karibu na macho inaweza kupandisha presha ya jicho. Aliyeizoea asiiache ghafla peke yake, amwone daktari.

Ngozi ikiwaka, ikavimba au ikatoa malengelenge, acha kupaka, ila usitupe tyubu wala boksi lake. Vilete kituo cha afya. Mhudumu ataandika jina la dawa, namba ya toleo, tarehe ya kuisha muda, siku uliyoanza kupaka na siku dalili zilipotokea, kisha taarifa itumwe TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Taarifa zako ni siri. Kama ni kipodozi, mamlaka ni TBS, Shirika la Viwango Tanzania, linalosimamia vipodozi tangu 2019. Malalamiko mengi huchelewa kwa kupelekwa pasipohusika. Kuuza dawa isiyosajiliwa ni kosa chini ya Sheria ya Dawa na Vifaa Tiba, Sura 219. Dawa iliyopakuliwa kwenye kikopo kisicho na lebo haina namba ya toleo, hivyo hata ikikuunguza hakuna pa kuanzia kuifuatilia. Usiinunue.