Kupiga kelele mu mikro haiko mamlaka

Huku Bukavu, Kadutu mupaka Bagira, mutumishi akilia mu mikro paka sauti inakauka, batu banasema "ee huyu iko na mamlaka kweli!" Hapana. Mu Matayo 8 yule akida wa Kapernaumu hakuomba Yesu apaze sauti, alimuambia tu sema neno, juu yeye alijua mambo ya jeshi: askari banamutii juu na yeye iko chini ya bakubwa bake. Mamlaka inatoka kwa mwenye alikutuma. Nguvu ni ya Roho Mutakatifu, yeye njo anafanya ile kazi yenyewe.

Benyi banawaza pia kama jina ya Yesu inafanya kazi kwa kila mutu mwenye anaitaja. Soma Matendo 19, bale bana 7 ba Skewa kule Efeso balijaribu kufukuza pepo kwa jina ya Yesu: pepo ikabaambia Yesu inamujua, na Paulo inamujua, sasa nyinyi ni banani? Bakatoka mbio bila nguo, na bidonda juu. Shefu wa avenyi anaweza kuwa muzee mwenye hata bidoni ya mayi inamushinda kubeba, lakini karatasi yenye kashe yake inapita, wewe kijana wa nguvu chonga kashe yako uone kama itakufikisha fasi.

Bengine njo banapinduka kabisa, "nilisha kupewa mamlaka, kuomba ya nini tena?" Luka 9 inasema Yesu alipatia bale banafunzi 12 vyote viwili, nguvu na mamlaka, na mu sura ile ile pepo ya kijana moja ikabashinda. Marko 9 inaongeza kama ile namna ya pepo inatoka paka kwa maombi.

Lakini yenye inaniuma zaidi ni ile ya "pasta iko na mamlaka juu yako". Mamlaka balipewa juu ya pepo, haiko juu ya batu! Mutoto anaitwa mulozi, ananyimwa chakula, anafungiwa mu chumba ya maombi, na mama yake anaogopa kusema kitu juu ataonekana anapinga Mungu, wakati hata sheria ya Congo ya kulinda mutoto ya 2009 inakataza kusingizia mutoto bulozi, na Katiba yetu pia, kipengele 41. Mu Marko 10 Yesu alisema bakubwa ba mataifa njo banakandamiza batu, kwenu isikuwe vile, mwenye anataka kuwa mukubwa akuwe mutumishi wa bengine. Pasta akikukataza kupeleka mutoto ku hospitali, muulize ile mamlaka alipewa mu sura gani.