Kiti cha Mwanamke katika Baraza la Ardhi la Kijiji si cha Pambo

Kila inapokaribia Machi 8, Siku ya Wanawake Duniani, ofisi yetu hupokea maombi ya fulana na mabango. Si vibaya. Lakini kwa anayeishi kijijini, usawa una uwanja wake wa mwaka mzima: mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Kila mkazi wa miaka 18 na kuendelea ni mjumbe wake, wala si mwalikwa. Bado wapo wanaotuambia mume akihudhuria amemwakilisha mkewe. Hapana. Hakuna kura ya nyumba.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya Tanzania, Na. 5 ya 1999, inataka Baraza la Ardhi la Kijiji, linalosuluhisha migogoro ya ardhi, liwe na wajumbe 7, na 3 kati yao wawe wanawake. Halmashauri ya Kijiji hupendekeza majina, mkutano mkuu huyathibitisha. Hapo ndipo pa kuingilia. Katika baadhi ya mihutasari tunayoletewa, majina ya akina mama yamechomekwa chini kabisa, kwa wino mwingine. Shauri la mpaka likija, saini ni za wanaume watupu. Vikundi vya vikoba, vile vya kuweka na kukopa, vinaweza kukubaliana mapema nani anafaa, vikajaza mkutano siku hiyo. Anayependekezwa awe raia, mkazi wa kijiji, ametimiza miaka 18, asiwe mbunge wala hakimu. Cheti cha shule hakiulizwi. Wanaume wanaotaka kusaidia nao waje, wapendekeze, kisha wawaache wajumbe wanawake wasikilize mashauri badala ya kuwatuma chai.

Jambo la pili ni hatimiliki ya kimila, yaani hati ya kumiliki ardhi ya kijiji kwa mila. Kifungu cha 23 cha sheria hiyohiyo kinaikataza Halmashauri ya Kijiji kulibana ombi la mwanamke kuliko la mwanamume, na uamuzi utoke ndani ya siku 90. Mke na mume wanaweza kuomba pamoja; hakikisheni majina yote mawili yameingia kwenye fomu kabla ya saini, maana kurekebisha hati iliyokwisha kutoka ni safari ndefu. Mila inayomnyima mwanamke ardhi kwa sababu ya jinsia yake ni batili kwa kifungu cha 20. Na tuseme tena, kwa kuwa swali hili haliishi: sheria hii haijampa mke yeyote shamba la ukoo wa mumewe. Anayeeneza hivyo atuoneshe kifungu.

Mwenye hoja ya kujadiliwa mkutanoni aipeleke kwa Mtendaji wa Kijiji kwa maandishi, kabla tangazo la mkutano halijabandikwa, abaki na nakala iliyogongwa mhuri. Ikikataliwa, aende kwa Mtendaji wa Kata. Asiyeweza kuandika amwone msaidizi wa kisheria, anayetambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Asiombwe hela, huduma hiyo ni bure.