Mwewe wa soko la samaki Bagamoyo: fokasi inaanza mbali

Wadau, meseji za wiki hii karibu zote swali ni moja: kaka, nikimpiga picha ndege akiwa ametua nampata safi kabisa, akiruka tu anatoka na ukungu, ninunue lenzi gani? Sasa nawajibu wote hapa kwa pamoja. Kabla hatujafika kwenye lenzi niambie kwanza ulisimama wapi na upepo ulikuwa unatoka wapi.

Maana ndege akitaka kuruka anaukabili upepo, akitaka kutua hivyo hivyo, hata akielea sehemu moja anatafuta samaki uso wake uko kwenye upepo. Kwa hiyo upepo ukikupiga usoni utapiga mikia siku nzima. Unautaka mgongoni, na jua nalo mgongoni. Hapa Bagamoyo jua linatokea baharini, na asubuhi wengi wanasimama pale mchangani sokoni wanatazama bahari, jua machoni, ndege wote wanatoka vivuli vyeusi. Mi naenda kinyume. Msimu wa kaskazi, Disemba mpaka kama Machi, nangoja siku za bamvua ambapo maji yanakupwa mbali na yanafika mwisho kama saa nne asubuhi, basi kuanzia saa mbili nayafuata yanavyotoka, nasimama kule mbele kwenye mchanga mgumu, bahari nimeipa mgongo, natazama mji. Jua liko nyuma ya bega la kushoto, kaskazi ikishaamka iko nyuma ya bega la kulia, na mwewe wanaozunguka juu ya vyombo vinavyoshusha samaki wananijia uso kwa uso. Mapema zaidi ya hapo bado upepo wa umande unavuma kutoka bara na ndege wanageukia huko, we kunywa chai kwanza. Kipindi cha kusi ni kigumu, Juni na Julai jua linapita upande wa kaskazini na upepo unatoka kusini, vinapingana kabisa, inabidi ukubali mwanga wa ubavuni asubuhi au jioni.

Haya, fokasi, yaani kuiweka lenzi kwenye umbali wa ndege ili atoke safi. Kamera iwe kwenye fokasi endelevu, Canon wanaiita AI Servo, Nikon na Sony wanaiita AF-C. Ile ya kufunga mara moja unayotumia kwenye harusi inamshika ndege alipokuwa, na yeye keshasogea. Na nafasi ya kukosea ni ndogo sana: lenzi ya milimita 400, apacha (tundu la lenzi) f/5.6, ndege yuko mita 15, kwenye kamera ya sensa kubwa (full frame) eneo lililo safi lina kama nusu mita tu, mbele mpaka nyuma. Mwewe akikunjua mbawa anapita mita moja. Ukishika ncha ya bawa la karibu, jicho limeshatoka.

Lakini niseme ukweli, wengi hampotezi fokasi, mnampoteza ndege. Fokasi ya lenzi ndefu ikiwa imewekwa karibu, ndege wa mbali humuoni kabisa, unaona anga tupu, kamera inahangaika kwenda na kurudi na nafasi imepita. Kwa hiyo kabla hata ndege hajaja mimi nalenga kitu kilicho umbali nitakaompiga, mlingoti wa ngalawa kwa mfano, naiweka fokasi pale. Kama lenzi yako ina swichi ya ubavuni ya kuzuia fokasi isirudi karibu, iwashe. Halafu macho yako yasimwache ndege, usiiangalie kamera, ipandishe kamera mpaka machoni huku bado unamtazama yeye. Rudia hilo nyumbani hata mara mia, mkono utajifunza wenyewe.

Ukishampata mfuate angali mdogo, yuko mbali. Bonyeza fokasi kidogo, achia, bonyeza tena, unaikumbusha kamera bila kuichosha, na akifika karibu ndio unashikilia na kupiga mfululizo. Ndio maana fokasi nimeihamishia kitufe cha nyuma, kidole gumba kinafokasi, cha shahada kinapiga, havigombani. Nukta moja tu ya fokasi, ile alama kamera inapofokasi, ni ngumu kuishikilia kwenye ndege, na ukiiachia kamera fremu yote inakimbilia minazi, chukua kundi dogo la nukta katikati. Kwenye menyu ipo ile ya kuchagua kamera iruke haraka au isubiri kitu kikipita mbele, iweke isubiri, vinginevyo mwewe akipita nyuma ya mlingoti umebaki na mlingoti. Kamera mpya kama Canon R5 ya 2020 au Sony A1 ya 2021 zinatambua ndege zenyewe na zinasaidia sana, ila nazo lazima umuingize ndege kwenye fremu kwanza.

Shata, yaani muda kamera inaofunguka kuchukua picha: ndege anayekwenda mita 10 kwa sekunde, kwenye 1/500 ya sekunde anasogea sentimita 2 wakati picha inapigwa, kwenye 1/2000 nusu sentimita. Mwewe anaelea, 1/1600 inatosha, buabua akijitupa majini nenda 1/3200 na ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, ipandishe mwenyewe. Mwanga weka kwenye modi ya M, unayopanga kila kitu mwenyewe, kwa sababu ndege akitoka kwenye minazi akaingia kwenye anga jeupe kamera itabadilisha mahesabu wakati jua linalompiga ni lile lile. Yangeyange mpunguzie hatua moja ya mwanga la sivyo manyoya yanaungua yote, yanabaki meupe matupu.

Kusimama je? Miguu ipanuke, viwiko vibane mbavu, kiganja cha kushoto kiwe chini ya lenzi mbele kabisa, ugeuke kwa kiuno sio kwa mikono, na ukishapiga endelea kumfuata, usisimame ghafla.

Mazoezi anza na kunguru, wako kila mahali. Kisha yangeyange, anaruka taratibu. Mdiria wa rangi nyeupe na nyeusi kwenye mikoko naye ni mwalimu mzuri, anasimama hewani sehemu moja kabla ya kudumbukia. Mbayuwayu waache wa mwisho.

Na mwewe ukimpata msubiri akishanyakua utumbo wa samaki pale mchangani, usishushe kamera. Atapanda kama mita kumi, mkia wenye panda unapinda upande mmoja, mguu unakuja mbele mpaka kwenye mdomo wa njano na kichwa kinainama kula huku anaruka. Hapo anapunguza mwendo, jicho linakuwa wazi kwa jua, una kama sekunde mbili. Ikifika saa tano mchanga umeshapata joto, hewa inacheza, hakuna fokasi itakayoshika, mi nafunga begi.