Kampuni ya Mbao Inapobadili Mmiliki: Dhana Potofu na Yaliyotokea Scotia

Habari zikienea kwamba kampuni ya kukata miti imeuzwa, wafanyakazi huanza kuulizana mmiliki mpya ni nani, ametoka wapi, na kama ni mkali au mpole. Kwa maoni yangu, swali la kutangulia ni jingine: fedha za kununulia zimetoka wapi, na nani atazilipa? Kisa cha Pacific Lumber, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1863 na ambayo ilimiliki hata nyumba za mji wa Scotia, kaskazini mwa California nchini Marekani, kinafaa kutazamwa kwa jicho hilo.

Dhana: Kampuni isiyo na madeni na yenye miti tele iko salama.

Usalama huo ndio uliomvutia mnunuzi. Kwa miongo kadhaa familia ya Murphy, iliyoiongoza kampuni hiyo, ilikuwa ikichagua miti ya kukata na kuiacha mingine isimame ili kazi ziwepo hata kwa wajukuu. Wafanyakazi walipangishwa nyumba za mbao kwa kodi nafuu, na mfuko wa pensheni ulikuwa na fedha kuliko zilizohitajika. Kwenye soko la hisa, hata hivyo, busara hiyo ilionekana kama mali iliyolala: bei ya hisa ilikuwa ndogo ikilinganishwa na thamani ya miti ya redwudi, miti mikubwa mno iishiyo karne nyingi, iliyosimama msituni. Mwishoni mwa 1985 Charles Hurwitz, kupitia kampuni yake ya Maxxam, alifikia bei ya dola 40 kwa hisa, na mwaka 1986 Pacific Lumber ikawa mikononi mwake.

Dhana: Mmiliki mpya huja na mtaji.

Hapa alikuja na deni. Sehemu kubwa ya fedha ilipatikana kwa kuuza hatifungani, yaani hati za mkopo, za hatari kubwa na riba kubwa kupitia benki ya uwekezaji ya Drexel Burnham Lambert, kisha mzigo wa kuzilipa ukawekwa juu ya kampuni iliyonunuliwa, kwa hiyo miti ikawa ndiyo inayomlipia aliyeinunua. Mfuko wa pensheni ulivunjwa, ziada yake ya zaidi ya dola milioni 50 ikachukuliwa, na malipo ya wastaafu yakahamishiwa kwa kampuni ya bima ya Executive Life, ambayo mwaka 1991 ilianguka na kuwekwa chini ya usimamizi wa serikali ya jimbo. Inasimuliwa kwamba Hurwitz, akizungumza na wafanyakazi wa Scotia, aliwatajia kanuni ya dhahabu kwa maana yake mwenyewe, kwamba mwenye dhahabu ndiye atawalaye. Angalau hakuwaficha.

Dhana: Kazi zikiongezeka, mauzo yamekuwa neema.

Hii ndiyo dhana ngumu kuliko zote kuipinga, kwa sababu mwanzoni inaonekana kweli. Baada ya 1986 watu waliajiriwa, zamu zikaongezwa na malipo ya saa za ziada yakanona, huku kasi ya ukataji ikiongezeka takriban mara mbili. Aliyeshika chenso aliziona fedha hizo mkononi. Asichokiona kwenye hati ya mshahara ni kwamba mti wa miaka elfu moja hauna mbadala katika umri wa mfanyakazi wala wa mwanawe. Baadhi ya wafanyakazi walipiga hesabu hiyo mapema, na mwishoni mwa miaka ya 1980 wakajaribu kuandaa mpango wa kuinunua kampuni wenyewe. Hawakufanikiwa. Wenzao wengi hawakuwaunga mkono, na sioni haki ya kuwaita wajinga watu waliokuwa na watoto wa kusomesha na nyumba iliyo mali ya mwajiri.

Dhana: Ajira ziliuawa na watetezi wa mazingira.

Kesi za mahakamani kweli zilichelewesha ukataji. Lakini mwaka 1999 serikali ya shirikisho na jimbo la California zililipa dola milioni 480 katika makubaliano na kampuni ya kuhifadhi msitu wake wa Headwaters, na bado kampuni ilifungua shauri la kufilisika Januari 2007, kwa kuwa mwaka 1998 ilikuwa imekopa upya zaidi ya dola milioni 860 kwa dhamana ya miti yake.

Dhana: Kufilisika ni kufungwa kwa lango.

Mwaka 2008 mahakama iliidhinisha misitu na kiwanda viende kwa wamiliki wa Mendocino Redwood, kampuni nyingine ya mbao, kampuni mpya ikaitwa Humboldt Redwood, na kiwanda cha Scotia kikaendelea kupasua mbao. Kilichotenganishwa na kazi ni makazi. Mji ulibaki kwa mfuko wa uwekezaji wa Marathon, mmoja wa wadai. Ardhi ikagawanywa viwanja, na nyumba zilizokuwa zikipangishwa wafanyakazi zikaanza kuuzwa moja moja.