Kuomba Shahada ya Uuguzi ya Muda Mfupi: Maandalizi ya Kufanya Kabla ya Dirisha la Udahili

Kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa na madirisha ya udahili kufunguliwa, sisi wakufunzi wa uuguzi katika mikoa ya Lindi na Mtwara huulizwa swali moja na watu wa aina mbili. Wa kwanza ni muuguzi mwenye stashahada, aliyekwisha kufanya kazi kwa miaka kadhaa katika zahanati au kituo cha afya, pengine Liwale, pengine Nanyumbu, ambaye anataka shahada lakini hawezi kuiacha familia na kazi kwa muda mrefu. Wa pili ni mhitimu wa shahada nyingine, mara nyingi ya ualimu, ambaye bado hajapata ajira na amesikia kwamba Marekani mtu husomea uuguzi kwa mwaka mmoja tu akawa muuguzi kamili. Wote wawili wanataka kujua kama iko njia fupi. Njia hiyo iko, ila muda unaopunguzwa darasani hulipwa na mwombaji kabla ya kuingia darasani, na wengi hukwama kwa kutolijua hilo mapema.

Shahada ya uuguzi iliyoharakishwa ilianzia Marekani, ambako Chuo Kikuu cha Saint Louis kilianzisha programu ya kwanza mwaka 1971 kwa ajili ya watu waliokuwa na shahada za fani nyingine. Leo programu za namna hiyo huchukua kati ya miezi 11 na 18. Ufupi huo hupatikana kwa sababu masomo ya jumla ya shahada ya kwanza hayarudiwi, na masomo ya msingi ya sayansi, yaani anatomia na fiziolojia ya binadamu, mikrobiolojia, kemia, takwimu, na mara nyingi lishe na saikolojia ya makuzi, mwanafunzi huwa ameyamaliza kabla ya siku ya kwanza ya masomo. Saa za wodini hazipunguzwi. Uingereza nako baraza linalosimamia uuguzi hudai saa 2,300 za mafunzo kwa vitendo na saa 2,300 za nadharia, na mwenye shahada nyingine anaweza kumaliza kwa miaka miwili badala ya mitatu kwa kuwa hadi nusu ya programu inaweza kutambuliwa kutokana na mafunzo aliyoyapata awali, mradi ayathibitishe. Kwa hiyo anayekuahidi shahada ya uuguzi isiyo na wodi, ya kusoma kwenye simu mwanzo hadi mwisho bila kumgusa mgonjwa, anakuuzia karatasi ambayo hakuna baraza la uuguzi litakaloipokea.

Hapa nchini, shahada ya kwanza ya uuguzi ni ya miaka minne, na baada yake hufuata mwaka mmoja wa utarajali hospitalini. Anayetoka kidato cha sita hutakiwa kuwa na ufaulu wa kemia na baiolojia pamoja na somo la tatu linalokubaliwa na chuo husika, na mwenye stashahada ya uuguzi huingia kwa sifa linganishi, yaani stashahada yake huchukua nafasi ya cheti cha kidato cha sita, ambapo vyuo vingi hudai wastani wa B au GPA (wastani wa alama za stashahada) isiyopungua 3.0 pamoja na ufaulu wa masomo ya sayansi katika kidato cha nne. Wako pia wauguzi wa stashahada waliopata shahada bila kuacha kazi moja kwa moja, kupitia programu zilizotayarishwa kwa ajili yao, na Chuo Kikuu cha Aga Khan cha Dar es Salaam kinajulikana kwa hilo. Kila mwaka Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) hutoa miongozo miwili ya udahili, mmoja wa wahitimu wa kidato cha sita na mwingine wa wenye sifa linganishi. Msomaji aufungue ule unaomhusu na kusoma sifa za kila chuo neno kwa neno, kwa sababu chuo kimoja hukubali jiografia kama somo la tatu na kingine hukataa.

Kwa mwalimu anayetaka kubadili fani, vyeti vya kidato cha nne na cha sita ndivyo huamua mengi kuliko shahada aliyonayo. Aliyesoma tahasusi ya PCB (fizikia, kemia na baiolojia) au CBG (kemia, baiolojia na jiografia) bado ana mlango wa kuomba shahada kwa cheti chake cha kidato cha sita. Aliyesoma HGL (historia, jiografia na Kiingereza) au HKL (historia, Kiswahili na Kiingereza), hata akiwa na shahada yenye daraja la juu, atalazimika kurudi kwenye stashahada ya uuguzi, ambayo nayo hudai angalau alama D katika kemia, baiolojia na fizikia za kidato cha nne. Ni habari ngumu kumpa mtu mzima mwenye joho lake, lakini ni heri aipate leo kuliko baada ya kulipa ada za maombi katika vyuo vinne.

Katika vyeti ndipo waombaji wengi wa mikoa yetu hukwama, na hukwama katika majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Saidi, cha kidato cha nne kinasema Said, kitambulisho cha taifa kimeongeza jina la babu, na cheti cha stashahada kimefuata kile cha kidato cha nne. Kwa jirani huyo ni mtu mmoja, ila kwa mfumo wa udahili au wa mikopo ni watu watatu. Tandaza vyeti vyote mezani kwa pamoja, usome kila jina herufi kwa herufi, na penye tofauti uanze mara moja kutafuta marekebisho au hati ya kisheria kupitia kwa wakili. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe mapema na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, kwa anayetarajia kuomba mkopo. Mwenye stashahada anahitaji pia namba ya uhakiki wa tuzo, ile inayojulikana kama AVN, inayotolewa na NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu ya ufundi na vyuo vya kati. Namba hiyo haitoki mpaka chuo ulichosoma kiwe kimewasilisha matokeo yako, kwa hiyo ulizia kabla dirisha halijafunguliwa. Leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga nayo iwe hai wakati wote.

Maombi hutumwa moja kwa moja kwa kila chuo kupitia intaneti, na udahili hufanyika kwa awamu. Aliyechaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja hupokea namba maalumu kwa ujumbe wa simu na hutakiwa kuthibitisha chuo kimoja ndani ya muda uliowekwa. Tumia namba yako mwenyewe ya simu, isiwe ya mwenye duka la intaneti wala ya shemeji anayesafiri, na kama kituo chako cha kazi kiko mahali mtandao unapopotea, panga kuwa Masasi, Nachingwea au mjini Lindi siku hizo.

Vyeti vikikamilika, muuguzi mzoefu ajiulize kwa unyofu kama sayansi yake bado iko kichwani. Chukua mfano wa mama aliyejifungua saa moja iliyopita, anayelalamika kizunguzungu. Mapigo ya moyo ni 124 kwa dakika, shinikizo la damu ni 108/70, na kanga aliyolalia imelowa. Muuguzi hodari wa zahanati anajua la kufanya bila kuambiwa: atasugua mji wa mimba hadi ukaze, atatoa oksitosini, ataweka dripu, atakagua kama kondo limetoka lote na kama kibofu kimejaa, na ataita gari la wagonjwa. Masomo ya shahada yatamtaka aeleze zaidi ya hapo, kwa nini shinikizo la damu linaonekana la kuridhisha ilhali mama yuko hatarini. Ajibu kwamba mishipa midogo imejikaza na moyo umeongeza kasi ili ubongo na viungo vikuu viendelee kupata damu, kwamba mwili unaficha upotevu huo kwa muda tu, na kwamba anayesubiri presha ishuke ndipo achukue hatua huwa amechelewa. Kazi ya kila siku humfundisha mtu kutenda, lakini haimlazimishi kueleza, na uwezo wa kueleza hufifia usipotumiwa. Ninasisitiza jambo hili kwa kuwa nimeona wauguzi ambao ningewakabidhi ndugu yangu bila wasiwasi wakihangaika na mtihani wa fiziolojia wa mwaka wa kwanza.

Hesabu za dawa nazo zirudiwe kwa kalamu. Mtoto wa kilo 12 akiandikiwa parasetamoli kwa miligramu 15 kwa kila kilo, anahitaji miligramu 180, na kama dawa ya maji ina miligramu 120 katika mililita 5, kipimo chake ni mililita 7.5. Asiyeweza kufika hapo bila simu atenge nusu saa kila jioni kwa miezi michache. Sehemu ya muda huo aitumie kusoma na kuandika Kiingereza, kwa kuwa ndiyo lugha ya mihadhara na mitihani, na sisi hushinda mchana kutwa tukizungumza na wagonjwa kwa Kiswahili.

Suala la ruhusa na fedha halina njia ya mkato. Mtumishi wa halmashauri aandike barua kupitia kwa mfawidhi wa kituo na Mganga Mkuu wa Wilaya hadi kwa Mkurugenzi Mtendaji, akiomba aingizwe katika mpango wa mafunzo. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1 na bajeti huandaliwa miezi mingi kabla, hivyo barua ya mwezi Septemba huwa imechelewa. Anayeondoka kwa makubaliano ya mdomo huhesabiwa mtoro, hata kama kila mtu kituoni anajua alikokwenda. Asitegemee pia mkopo wa elimu ya juu, kwa kuwa miongozo ya Bodi ya Mikopo humtaka mwombaji asiwe na ajira rasmi.

Familia inayotegemea shamba ipange kwa kalenda ya mazao. Vyuo vikuu hufunguliwa kati ya Oktoba na Novemba, wakati minada ya korosho ndiyo kwanza inaanza, na mkulima wa Tandahimba au Newala hulipwa kupitia chama chake cha msingi baada ya mnada, siyo siku anayopeleka mzigo ghalani. Ada ya muhula wa kwanza ikitegemea korosho, mwanafunzi atafika chuoni mikono mitupu na huenda akakosa kusajiliwa. Fedha ya ufuta, ambao huuzwa katikati ya mwaka, ndiyo ya kuwekewa ada ya mwanzo na nauli, na ya korosho ielekezwe kwenye muhula wa pili.

Kwa yule anayeikusudia programu ya ng'ambo, aanze na orodha ya masomo ya msingi yanayodaiwa na chuo hicho, ailinganishe na nakala yake ya matokeo, na aangalie kama chuo kinaweka ukomo wa miaka kwa masomo ya sayansi, kwa kuwa vingi hukataa fiziolojia iliyosomwa zamani. Mwalimu wa baiolojia anaweza kugundua kwamba alisoma mimea na wanyama kwa kina lakini hana somo kamili la anatomia ya binadamu lenye maabara. Mwanafunzi wa kigeni Marekani hapati mikopo ya serikali ya nchi hiyo, na lazima aonyeshe uwezo wa kulipia mwaka wa kwanza ndipo apewe hati za kuombea viza. Anayefikiria kurudi kufanya kazi nyumbani, iwe katika hospitali ya Ligula, Sokoine au Ndanda, awaulize TCU kuhusu utambuzi wa tuzo hiyo na Baraza la Uuguzi na Ukunga kuhusu masharti ya usajili, na maswali hayo ayaulize kabla ya kulipa ada ya maombi, kwa sababu kwa kawaida ada hiyo hairudishwi.